Mleta mada, huyo kijana asikufungulie waleti

Mkuu, simama hapo hapo. Umeuliza sarafu za mtandaoni zinafanyaje kazi, faida zake, hatari zake, kodi, na kama ununue Bitcoin au Ethereum. Yote nimeyasoma juu juu, maana macho yangu yameganda kwenye mstari wako wa mwisho: Jumamosi kuna kijana hapo Mwanga atakufungulia waleti, ile programu ya simu ya kutunzia sarafu hizo, na "kukuwekea kila kitu sawa". Na mimi niliwekewa kila kitu sawa. Kikakosekana kitu kimoja tu, hela.

Mimi ni mtu wa dagaa, nanunua Kibirizi, Kigoma, nasafirisha Dodoma. Shemeji ndiye aliyeniletea fundi simu, akaapa ni mtoto wa dini. Fundi akashusha programu, kwenye kioo yakatokea maneno 12 ya Kiingereza. Nikauliza, haya ya nini? "Usajili tu, bosi." Akatoa simu yake akayapiga picha, eti anitunzie nisije nikayasahau. Nami nikamshukuru! Nikamnunulia soda ya chungwa, akaomba ya pili, nikampa.

Sasa sikiliza. Hayo maneno 12 ndiyo hela yenyewe. Aliye nayo anaifungua waleti yako kwenye simu yoyote, popote duniani, bila kuigusa ya kwako. Namba ya siri unayoweka wewe inafunga simu yako tu. Mimi nilikuwa naibadilisha kila Ijumaa kwa ulinzi. Mlango nimeutia kufuli, ukuta wa nyuma haupo.

Yule bwana hakuwa na haraka. Niliweka Bitcoin ya elfu hamsini ya kujaribia, haikuguswa. Nikaongeza. Alininenepesha miezi saba, hadi nilipofika milioni tatu na laki mbili, mtaji wa msimu mzima. Usiku mmoja niko ufukweni nasubiri mitumbwi, taa za wavuvi zimejaa ziwani, nafungua simu nasoma: sifuri. Chini yake, "imetumwa".

Na hapa ndipo utajua inavyofanya kazi, kwa njia ya maumivu. Hakuna benki katikati. Maelfu ya kompyuta zinatunza nakala ya daftari moja la Bitcoin, kila dakika 10 hivi unaongezwa ukurasa, na ukurasa ukishaingia haufutwi. Daftari halikujui jina, linajua funguo tu, zile zinazotokana na maneno 12. Ndiyo raha yake: Jumapili usiku unatuma ng'ambo bila kumpigia mtu magoti. Ndiyo balaa lake pia, kwa sababu hakuna huduma kwa wateja ya kuwalilia wairudishe. Kila mtu anaruhusiwa kulisoma daftari hilo, kwa hiyo siku nne nzima niliiona hela yangu imekaa kwenye anwani ya mwizi, kama samaki ndani ya chupa. Siku ya tano ikaondoka. Nilipokwenda kushtaki nikaulizwa jina la mtuhumiwa, nikawasomea hiyo anwani, herufi na tarakimu 42 zinazoanzia na bc1. Walicheka, nami nikacheka, ningefanyaje?

Fundi alikana, akasema simu yake iliibiwa. Shemeji siku hizi akiniona anavuka barabara.

Bei kupanda na kushuka sikuongelei sana. Novemba 2021 Bitcoin moja iligusa dola 69,000 hivi, mwaka mmoja baadaye ikawa chini ya 17,000. Na Benki Kuu ilishatoa tahadhari tangu Novemba 2019 kwamba fedha halali hapa ni shilingi. Lakini bei ikishuka unabaki na kitu. Mimi nimebaki na chupa mbili za soda.

Kwa hiyo Jumamosi usiende. Jifungie chumbani peke yako, fungua mwenyewe hata ikikuchukua siku tatu, maneno yaandike kwa kalamu kwenye karatasi, usipige picha, usimwonyeshe hata mama watoto. Anayekuomba maneno, awe fundi, shemeji au "msimamizi wa kundi", ni mwizi.

Halafu hebu niambie, huyo kijana wako wa Mwanga anapenda soda ya chungwa?