Vijana Wetu na Mitumbwi ya Boundary Waters: Maswali na Majibu

Tangu itangazwe ibadani kwamba vijana wa usharika watakwenda kaskazini mwa Minnesota, Marekani, mwezi Julai kupiga kafi kwa siku sita katika Boundary Waters, nyika yenye maziwa zaidi ya 1,000 inayopakana na Kanada, nimepokea maswali mengi kuliko kawaida. Nimewahi kwenda huko mara nne nikiwa mlezi wa vijana, nami ninajibu kwa niliyoyaona na kwa kanuni za hifadhi yenyewe.

Mwanangu ana miaka 15 na hajui kuogelea. Kwetu Mwanza ziwa limechukua wengi. Je, nimruhusu?

Mama yangu, hofu yako ina msingi na sitakuomba uiondoe. Sheria ya Minnesota huwalazimisha watoto walio chini ya miaka 10 kuvaa jaketi la kujiokolea chombo kinapokuwa safarini. Sisi humlazimisha kila mtu, mchungaji akiwamo, hata ziwa likiwa limetulia kama maji ya mtungini. Wiki kadhaa kabla ya safari huwapeleka vijana kwenye ziwa dogo karibu na mji, tukaipindua mitumbwi kwa makusudi, ili kila mmoja ajifunze kuushikilia mtumbwi uliopinduka badala ya kuuacha na kukimbilia ufukoni. Huko nyikani husafiri asubuhi na mapema, kwa kuwa upepo huzidi mchana, na hufuata ukingo badala ya kukata katikati ya ziwa. Mwaka mmoja tulikaa kambini kutwa nzima kwa sababu ya mawimbi, vijana wakinung'unika kama wana wa Israeli. Kabla hujatoa ruhusa, muulize kiongozi wa msafara ni lini mara ya mwisho alikataa kuingia majini. Akikosa jibu, mwanao abaki nyumbani.

Tuko vijana 14 na walezi 4. Kwa nini tugawanywe, na Jumapili tusiabudu pamoja?

Kwa sababu kanuni inaruhusu watu 9 na vyombo 4 tu kuwa pamoja, mahali popote ndani ya nyika: majini, njiani au kambini. Mkiwa 18 mtakuwa makundi mawili, kila moja na kibali chake, na hamtaruhusiwa kukutana hata kwa chakula cha mchana juu ya mwamba. Nilipoisikia mara ya kwanza niliona ni ukorofi wa maofisa. Baadaye nilibadili mawazo, kwa maana katika ibada ya watu tisa hakuna kwaya ya kujificha nyuma yake, na yule binti ambaye mwaka mzima hakufungua kinywa ndiye aliyesoma somo, kwa kuwa zamu yake ilikuwa imefika. Ibada ya pamoja tutaifanya usiku wa kuamkia safari na siku ya kutoka. Kila kundi litakuwa na mlezi wa kiume na wa kike, wala mtu mzima hatabaki peke yake na mtoto. Viongozi wa sharika nyingine wakumbuke kwamba idadi ya vibali ina kikomo kuanzia tarehe 1 Mei hadi 30 Septemba, na maombi hufunguliwa Januari. Anayesubiri Pasaka hukuta njia nzuri zimekwisha.

Tunaweza kubeba samaki wa kopo?

Hapana. Makopo na chupa za vyakula na vinywaji ni marufuku. Bebeni unga wa ugali, mchele na maharage yaliyopikwa yakakaushwa. Dagaa wakavu hawakatazwi, ila dubu weusi wana pua kali, hivyo chakula chote hutundikwa mtini mbali na shina au hufungiwa katika chombo ambacho dubu hawezi kukifungua. Hemani kusiingie hata dawa ya meno. Kijana wetu mmoja alificha karanga kwenye mfuko wa kulalia, na kindi akatoboa hema; tulishukuru kwamba alikuwa kindi.

Mimi ni binti wa miaka 17. Choo kikoje?

Kila kambi rasmi ina kiti cha choo juu ya shimo, ndani ya msitu, bila ukuta wala paa. Tumezoea kufunga kitambaa chekundu njiani kuonyesha kwamba kuna mtu. Utazoea siku ya pili.

Kuna faida gani ya kiroho kubeba mitumbwi msituni? Wazazi wetu walibeba mizigo kwa shida, na ninyi mnalipa ili mbebe!

Mzee wangu, hapo umenishika, nami nilicheka peke yangu niliposoma. Kati ya ziwa na ziwa kuna njia za miguu, ambazo ramani huzipima kwa kipimo cha kale cha takribani mita 5. Mtumbwi mwepesi una kilo kama 20, na wa alumini hupita 30. Anayeubeba huutwika mabegani ukiwa umepinduliwa, kichwa kikiwa ndani yake, asione ila miguu yake na hatua mbili za mbele, mwenzake hutangulia akimwambia, "Jiwe, kushoto mzizi, sasa tope." Nimewaona ndugu wawili ambao nyumbani hawasemezani wakivushana hivyo. Katika Marko sura ya 6, Yesu na wanafunzi wake walikwenda kwa chombo mpaka mahali pasipo watu ili wapumzike, na umati ukawatangulia kwa miguu. Kwa hiyo siwaahidi vijana utulivu. Wala siwaambii kwamba nyika ile ilikuwa tupu, kwa maana Waojibwe, wenyeji wa asili wa eneo hilo, walizipita njia hizo na mitumbwi yao kabla makanisa yetu hayajafika huko.

Tutawapataje kwa simu?

Sehemu kubwa haina mtandao. Kila kundi litakuwa na kifaa cha setilaiti, na ujumbe mfupi utatumwa kila jioni. Usipoufikia kwa wakati, mpigie katibu wa usharika mwenye ramani ya safari, si mimi, kwa sababu nami nitakuwa mtumbwini.