Asidi au tindikali? Na ni kulinganisha au kusawazisha?

Swali: Shikamoo mwalimu. Jana namsaidia mwanangu homuweki ya kemia nikasema ndimu ina tindikali, akabisha eti ni asidi, afu nikamwambia linganisha hiyo ikwesheni akasema inasawazishwa. Nani yuko sahihi?

Jibu: Marahaba mama. Kwenye kamusi tindikali na asidi ni kitu kimoja kwa hiyo hujakosea, ila mtaani ukisema tindikali watu wanaona maji ya betri, wanakumbuka habari za watu kumwagiwa usoni. Mwambie mgeni juisi ya ndimu uliyompa ina tindikali uone kama ataimaliza. Kwa vitu vya jikoni, ndimu, siki, ukwaju, maziwa mgando, mi natumia asidi, na ladha yake ni uchachu, neno tamu kabisa ambalo tulikuwa nalo kabla ya kemia ya darasani, msiliache. Upande wa pili wa asidi ni besi, na hapo mfano wetu ni magadi (magadi haya yamekwisha, sio hii imekwisha, nasikia sana hilo kosa).

Sasa hiyo ya pili mwanao kapatia, na nafurahi sana kwamba kasikia tofauti. Kulinganisha siku hizi tunasikia zaidi kupima kitu kwa kingine, unalinganisha bei ya nyanya soko hili na lile, hakuna ulichoongeza wala kupunguza. Kusawazisha ni kukifanya kilichopungua kimfikie mwenzake, ndo maana timu ikifungwa moja afu ikarudisha tunasema imesawazisha, hakuna mtangazaji anayesema imelinganisha.

Chukua bakuli weka magadi soda ya maandazi kijiko kimoja, mwagia siki, povu linapanda hilo, ni kaboni dayoksaidi (CO2) inatoka. Magadi soda ni NaHCO3, siki ni CH3COOH:

NaHCO3 + CH3COOH → CH3COONa + H2O + CO2

Hesabu na mwanao, sodiamu (Na) 1 huku 1 kule, kaboni (C) 3 kwa 3, haidrojeni (H) 5 kwa 5, oksijeni (O) 5 kwa 5. Hapo mmelinganisha tu pande mbili mkakuta ziko sawa, basi. Ila yale magadi ya mawe ya kulainishia maharage yana na Na2CO3 ndani yake, hiyo ukiiandika hivihivi inakataa:

Na2CO3 + CH3COOH → CH3COONa + H2O + CO2

Sodiamu kushoto 2, kulia 1. Unaweka 2 mbele ya siki na 2 mbele ya CH3COONa, usiguse vile vinamba vidogo vya ndani maana ukivigusa umeshabadilisha kitu chenyewe:

Na2CO3 + 2CH3COOH → 2CH3COONa + H2O + CO2

Hapo ndo mmesawazisha. Na ikwesheni kwenye maongezi haina shida, ila kwenye daftari la Kiswahili aandike mlinganyo, limetoka kwenye kulingana, wingi wake milinganyo.