Kunguru sebuleni? Hapana. Labda.

Wiki hii mmetuuliza ni picha gani ya kuchora tungependa kuitundika sebuleni. Mimi ninayo moja ambayo siitundiki ng'o, na ndiyo iliyonifanya niandike.

Inaitwa "Kunguru Wamerudi", ya Mrusi Alexei Savrasov, mwaka 1871. Ni ndogo tu: kimo sentimita 62, upana hata 50 haufiki. Theluji chafu inayeyuka, vimiti vyenye magome meupe vimepinda na kujaa viota, nyuma yake kanisa la kijiji cha Molvitino, halafu mashamba ya kijivu hadi macho yanapoishia. Chini, kunguru mmoja kabana kijiti mdomoni. Basi.

Sasa mimi ni mtoto wa Tanga. Utotoni kazi yangu ilikuwa kukaa kibarazani na fimbo, nikilinda samaki wa ng'onda wa bibi walioanikwa juani. Kunguru nawajua.

Mwaka 1981 nikaenda kusoma Moscow. Januari mwalimu wetu wa Kirusi, mama mtu mzima, akatupeleka jumba la sanaa la Tretyakov, akatusimamisha mbele ya picha hiyo, macho yakimlengalenga. Kila mmoja aseme anaona nini. Nami, kwa Kirusi changu cha kuokoteza: "Naona matope na kunguru. Mwenye nyumba yuko wapi awafukuze?" Wenzangu walicheka mpaka bibi mlinzi wa chumba akatukaripia. Mwalimu hakucheka. Insha yangu ilirudi na alama tatu juu ya tano, na sarufi hakuigusa hata neno moja.

Madirisha ya bweni tulikuwa tumeyaziba tangu Oktoba kwa vipande vya karatasi vilivyopakwa sabuni, upepo usipenye. Mwisho wa Machi, usiku kucha maji yakadondoka kutoka paani. Alfajiri nikasikia kelele ninayoifahamu. Nikabandua karatasi, zikachanikachanika kuchani, nikafungua. Harufu ya udongo! Miezi mitano nje sikuwa nimenusa kitu ila baridi. Na juu ya mti, kunguru wenyewe, wamerudi na baridi imekwisha, wanagombania vijiti. Nikamkumbuka bibi na ng'onda wake, nikalia kama mtoto.

Mchoraji mwenzake Savrasov, Kramskoi, alisema mandhari za wengine zina miti, maji, hata hewa, lakini roho imo kwenye hao kunguru tu. Nilidhani anatia chumvi. Savrasov mwenyewe, pombe ilipomshinda, aliichora tena na tena apate cha kula.

Kwa hiyo sebuleni hapana, wageni watanielewaje? Ila kadi ya posta ya picha hiyo, niliyoinunua kwa kopeki chache, naandika haya imeegemea bilauri ya chai hapa mezani. Pengine ukumbini, upande wa jikoni. Fremu iwe ndogo. Tena nimwombe mume wangu kwanza, na si wiki hii, maana juzi wamemchukulia kifaranga wa nne.