Pikapu ya asali: ninunue ya kawaida niiongezee vitu, au iliyotoka kiwandani imekamilika?

SWALI

Mwangaluka mjomba, na shikamoo.

Mimi ni mama wa miaka 38. Nanunua asali kwa wafugaji nyuki wa vijiji vya kusini ya Sikonge, nauza Tabora mjini na nyingine naipeleka Dar es Salaam. Miaka sita nimekodi magari ya watu, nimechoka. Sasa nimejaliwa fedha ya kununua pikapu yangu, lakini nyumbani hatuelewani. Mdogo wangu, ambaye ndiye atakayeendesha, anataka Ford Ranger Raptor iliyotumika. Anasema imeshainuliwa kiwandani, ina shokapu za mashindano, matairi ya porini, loki za difu mbele na nyuma (zile zinazofanya magurudumu ya pande zote mbili yazunguke pamoja), hatutaongeza hata nati. Mimi nimeona Toyota Hilux ya kawaida, dabo kebini, imeletwa kutoka Thailand, imesimama juu vizuri, na bei yake iko chini sana. Fundi wangu ananiambia tutaifunga vitu kidogo kidogo mpaka ifanane na hiyo Raptor. Safari moja nabeba ndoo 30 za lita 20, pamoja na dereva, mimi na kijana wa kupakia. Nishike lipi?

Mnunuzi wa asali, Sikonge

JIBU

Mwangaluka mwanangu, marahaba.

Barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara jicho linarudi kwenye hizo ndoo 30. Tuanze hapo, maana mdogo wako na fundi wako wote wamezungumza habari za gari na hakuna aliyezungumza habari za asali.

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina kilo 20. Ikijaa asali ina kilo 28 hivi, kwa kuwa asali ni nzito kuliko maji karibu mara moja na nusu. Weka na ndoo yenyewe, sema kilo 29. Mara 30, ni kilo 870. Ninyi watatu mkiwa na kilo 70 kila mmoja ni 210 zaidi. Jumla kilo 1,080, na hapo sijaweka maji ya kunywa, jeki wala tairi la pili la akiba.

Hilux ya kawaida imeundwa kubeba tani moja hivi, watu wakiwemo. Kwa hiyo hata hilo gari lako la bei nafuu umeshalizidishia. Raptor ndiyo mbali kabisa: uwezo wake ni kilo mia saba hivi, mahali pengine hata pungufu, kutegemea toleo na nchi iliyouzwa. Toa watu watatu, zinabaki kilo 490. Hizo ni ndoo 16. Gari la gharama kubwa kuliko yote mliyoyataja litakuletea karibu nusu ya mzigo wako.

Siisemi vibaya Raptor. Niliwahi kupanda moja kwenye barabara ya mchanga yenye makorongo, nikiwa kiti cha abiria, na tangu nianze kazi hii sijawahi kuona gari likipita matuta kwa kasi ile bila kurusha mtu. Lakini angalia ilivyopata utulivu ule. Ranger nyingine nyuma zina springi za vyuma bapa vilivyopangwa, zile tulizozizoea. Raptor wameziondoa, wakaweka koili, yaani springi za kusokotwa. Koili ni laini na hufuata ardhi, ila mzigo mzito si kazi yake. Ndiyo maana hata kuvuta tela Raptor inaishia kilo 2,500 wakati ndugu zake nyingi wanafika 3,500. Walioiunda walijua wanachokifanya: wametoa ubebaji ili wapate mwendo. Wewe unaishi kwa ubebaji.

Na mwambie mdogo wako aulize vizuri habari ya hizo loki. Loki ya difu ya mbele ilikuja na toleo jipya la mwaka 2022. Raptor za kabla ya hapo, zile za dizeli za lita mbili, zina ya nyuma peke yake. Shokapu zake za Fox nazo ni nzuri sana, hufunguliwa na kukarabatiwa, kisha hujazwa gesi ya naitrojeni. Hapa Tabora mimi sijaona gereji inayofanya kazi hiyo.

Sasa fundi wako. Anaposema ataifanya Hilux ifanane na Raptor, mkatalie kwa upole. Kwa sura anaweza. Lakini Raptor ni pana kuliko Ranger ya kawaida, mikono yake ya mbele ni mingine, chesisi imeongezwa nguvu, na vyote vilijaribiwa kwa pamoja. Huwezi kukifikia kitu cha namna hiyo kwa kununua kipande leo na kipande mwezi ujao. Mtu ambaye kazi yake ni kukimbia porini akiwa mtupu namshauri anunue iliyotoka kiwandani, aachane na mafundi. Wewe unatembea kilomita 20 kwa saa katikati ya miombo, nyuma kuna asali.

Kuna jambo kwenye barua yako limenitia hofu zaidi ya mengine. Umeandika kwamba Hilux hiyo ya Thailand “imesimama juu vizuri”. Thailand kuna Hilux inaitwa Prerunner. Imeinuka kama ya magurudumu manne, bodi ni ileile, lakini inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. Usitoe hata shilingi kabla hujainama chini ya uvungu. Mbele, katikati ya magurudumu mawili, lazima uone difu na shafti inayokuja kutoka kwenye gia boksi. Ndani uone kitufe cha kuzungusha au gia ndogo yenye H4 na L4, yaani magurudumu manne mwendo wa kawaida na mwendo wa pole wenye nguvu. Kama hakuna, ondoka. Tairi utanunua baadaye, springi utanunua baadaye, lakini kugeuza gari la magurudumu mawili kuwa la manne ni kujenga gari upya. Loki ya difu ya nyuma nayo itafute ikiwa imetoka nayo kiwandani. Hilux nyingi za magurudumu manne zinayo, na kuifunga baadaye ni gharama na kazi ya kulifumua difu lote.

Halafu achana na dabo kebini. Hili nalisema kwa uchungu kwa sababu lilinipata.

Mwaka 2011 nilikuwa na dabo kebini yangu nikibeba asali na nta. Nyuma ilikuwa inakaa chini, nikampelekea fundi mmoja, akaniongezea bapa mbili kila upande. Gari likasimama wima, nikafurahi, nikaongeza mzigo. Miezi minne baadaye, kwenye vumbi la kutoka Ipole kwenda upande wa Rungwa, njia yenye vile vimatuta vya mfululizo vinavyotikisa meno, niliona kwenye kioo kwamba bodi imeinama. Nikashuka. Mwanya kati ya kebini na bodi, ambao siku zote ulikuwa sawa, ulikuwa mpana juu na mwembamba chini. Chesisi ilikuwa imepinda nyuma ya kebini, na upande wa kulia imeanza kupasuka. Nilishusha ndoo moja moja chini ya mti, nikalala nazo pale usiku mbili, nyuki wakinifuata mchana kutwa kwa ile iliyokuwa imevuja.

Springi ngumu hazikuiongezea chesisi uwezo wowote. Zilinificha tu dalili. Na bodi ya dabo kebini ni fupi, mita moja na nusu hivi, kwa hiyo ukipanga ndoo nyingi, sehemu kubwa ya uzito inaangukia nyuma ya ekseli na kuivunja chesisi kama mtu anayevunja kuni kwenye goti. Singo kebini bodi yake inapita mita mbili, uzito unakaa mbele ya ekseli na juu yake. Ndoo zitakaa safu moja, hutazipandanisha, na mfuniko hautavuja. Mtakaa wawili kwa raha, watatu kwa kubanana. Kijana wa kupakia mpate kijijini.

Kwa hiyo: Hilux singo kebini, magurudumu manne, loki ya nyuma, dizeli, haijafungwa kitu chochote na mtu mwingine. Beba ndoo 25, si 30. Hizo ni kilo 725. Mkiwa wawili ni 865, na unabaki na nafasi ya vitu vichache nitakavyokutajia.

Cha kwanza ni matairi, na fedha nyingi iende huko. Mavuno yako makubwa ni Juni na Julai, njia zimekauka. Tope si adui yako miezi hiyo. Adui ni visiki. Watu wamekata miti wakaacha visiki vya urefu wa kiatu, majani yamevifunika, na kisiki hakitoboi chini ya tairi, kinachana ubavuni, mahali ambapo kiraka hakishiki. Tafuta matairi ya mzigo, yale yenye herufi LT kwenye ubavu, na rimu za chuma. Ukipenda kupanda saizi, toka 265/65R17 uende 265/70R17, usipite hapo. Hiyo itainua tumbo la gari milimita 13 tu, na spidomita ikikuambia 100 utakuwa kwenye 103. Atakayekuambia tairi kubwa ndiyo inayoinua gari muulize ni kwa kiasi gani.

Cha pili ni bamba la chuma la kukinga sampu (bakuli la oili chini ya injini) na gia boksi, kwa visiki hivyohivyo. Cha tatu, chujio la pili la dizeli lenye kikombe cha kutenga maji, kwa sababu najua huko mnanunua mafuta ya madumu, na pampu na noozo za injini hizi za sasa hazivumilii uchafu. Cha nne, pampu ndogo ya upepo na kamba nene ya kuvutia. Basi. Bampa la chuma na winchi sikushauri: ni kilo 80 hivi, karibu ndoo tatu za asali, kila safari, mwaka mzima. Mavuno madogo ya Novemba na Desemba, mvua ikianza na mbuga nyeusi ikilowa, punguzeni upepo wa matairi, pakieni ndoo 15, na msisafiri peke yenu.

Springi usiziguse mwaka wa kwanza. Pakia, nenda kwenye mzani, pima ekseli ya mbele na ya nyuma, kisha niandikie namba. Na kila utakachofunga, mwambie wakala wako wa bima kwa maandishi.

SWALI

Mzee, nalima tumbaku Kaliua. Nikifunga mkonga, lile bomba la kuvutia hewa linalopanda hadi juu ya kebini, kwenye pikapu yangu, maji yakifika kwenye boneti naweza kupita?

JIBU

Hapana, ndugu yangu. Toyota wenyewe wanaiwekea Hilux milimita 700, chini ya kiuno cha mtu mzima. Mkonga unazuia jambo moja: injini isivute maji, kwa sababu maji hayagandamizwi, na yakiingia kwenye silinda konrodi zinapinda papo hapo. Lakini difu zinapumua, gia boksi inapumua, na maji yatapenya humo; alteneta iko chini, na gari likielea kidogo tu mkondo unalichukua. Faida kubwa ya mkonga kwako ni vumbi, maana unavuta hewa ya juu iliyo safi kidogo. Funga kwa ajili hiyo, na hakikisha kila kiungo kimezibwa kwa silikoni. Penye maji, mtu atangulie kwa miguu na fimbo. Akishindwa kusimama, nawe usipite.