Dishi Linalotazama Magharibi: Ushauri kwa Anayelifunga kwa Mara ya Kwanza

Dishi la kwanza nililolifunga kwa mikono yangu, nyumbani Kihonda mjini Morogoro, lilionyesha picha safi kuanzia Agosti hadi masika yalipoingia, na tangu hapo likawa linagandisha picha kila mawingu mazito yalipoifunika milima ya Uluguru. Nililaumu king'amuzi, nikabadilisha kebo, na nikawa karibu kurudi dukani kugombana, kumbe kosa lilikuwa langu mwenyewe: nilikuwa nimelenga kwa kukadiria, nikaridhika mara tu chaneli zilipotokea. Mawimbi yanayopokewa na madishi haya madogo hupungua nguvu yanapopita kwenye mvua kubwa, na dishi lililolengwa nusunusu halina akiba ya kuvumilia upungufu huo. Kiangazi hukuficha kosa, masika hulianika.

Kabla ya kushika spana, ni lazima ujue unachokitafuta kiko wapi. Setilaiti za televisheni hukaa juu ya mstari wa Ikweta, kwenye kimo cha kilomita 35,786, na kwa kuwa huzunguka sawasawa na dunia, huonekana kana kwamba zimesimama mahali pamoja. King'amuzi changu ni cha Azam, ambao hurusha matangazo kupitia setilaiti za Eutelsat zilizo kwenye longitudo ya nyuzi 7 Mashariki. Morogoro iko karibu na nyuzi 37.7 Mashariki, kwa hiyo setilaiti hiyo iko upande wetu wa magharibi: mwelekeo wake ni nyuzi 281 kutoka kaskazini, yaani magharibi kwa kuelekea kaskazini kidogo, na mwinuko kutoka usawa wa upeo ni nyuzi 53 na nusu hivi. Dar es Salaam mwelekeo ni karibu uleule, ila mwinuko hushuka hadi nyuzi 52 hivi. Usiige dishi la jirani bila kumuuliza anatumia king'amuzi gani, kwa sababu DStv iko kwenye nyuzi 36 Mashariki, karibu kabisa na utosi wetu, na dishi lake halifanani hata kidogo na la kwako.

Jambo lililonipoteza zaidi lilikuwa video za mafunzo nilizozitazama mtandaoni, ambazo nyingi zilirekodiwa Ulaya. Kule fundi huelekeza dishi kusini, kisha hulizungusha polepole kushoto na kulia, kwa kuwa kwao setilaiti zimepangana angani kama ndege waliotua juu ya waya. Sisi tulio karibu na Ikweta, tukitazama magharibi, safu hiyohiyo tunaiona imesimama wima kama ngazi. Setilaiti ya SES-5, iliyoko kwenye nyuzi 5 Mashariki, kwetu haiko pembeni mwa ile ya Azam bali iko chini yake, kwa tofauti ya mwinuko wa nyuzi 2 na kidogo, ilhali tofauti ya mwelekeo haifiki hata nyuzi 1. Kwa hiyo ukikosea kushoto au kulia, utakosa mawimbi na utajua kwamba umekosea. Ukikosea mwinuko, unaweza kunasa setilaiti nyingine kabisa na kubaki ukishangaa kwa nini mawimbi yapo lakini chaneli zako hazipo. Mimi nilishangaa hivyo kwa saa tatu.

Chanzo cha mshangao wangu kilikuwa nguzo. Nilikuwa nimeichimbia uani na kuimwagia zege nikiwa nimeinyoosha kwa macho tu, na zege lilipokauka ikawa imeinama upande wa magharibi kwa nyuzi 2 hivi. Kipimo cha mwinuko kilichochorwa kwenye mabano ya dishi husema kweli pale tu nguzo inaposimama wima, hivyo nilipoweka 53 na nusu, kwa hakika dishi lilikuwa linatazama chini zaidi, kule kwa SES-5. Tumia pimamaji, uiweke kwenye nguzo upande wa mbele na kisha upande wa ubavuni, na urudie kupima kabla zege halijashika. Wala usiyaamini macho yako kuhusu mwinuko wenyewe, kwa sababu haya madishi yenye umbo la yai hupokea mawimbi kutoka juu zaidi ya pale uso wake unapoonekana kutazama, kwa zaidi ya nyuzi 20. Dishi lililolengwa sawasawa litaonekana kana kwamba linatazama mti wa jirani, na usijaribu kulisahihisha.

Tukigusia mti wa jirani, kuna njia ya kujua kama unakukinga, na haihitaji chombo chochote. Katika siku za karibu na tarehe 23 Machi na tarehe 20 Septemba, jua la alasiri hupita mahali palepale ilipo setilaiti ya nyuzi 7, na kwa Morogoro hutokea kati ya saa 8 na nusu na saa 9. Simama pale unapokusudia kuweka nguzo: kama jua linakupiga usoni, dishi nalo litaiona setilaiti, kama uko kwenye kivuli cha mwembe, tafuta mahali pengine. Nje ya majira hayo itakubidi utumie dira, na hapo jitenge na mabati na nondo, kwa sababu chuma huivuta dira, hata ile iliyomo kwenye simu.

Katika kulenga kwenyewe, king'amuzi hukuonyesha vipimo viwili, nguvu na ubora, na mwanafunzi hudanganywa na cha kwanza. Nguvu inaweza kupanda hata dishi likiwa linatazama anga tupu, kwa kuwa LNB yenyewe, kile kifaa kilicho mbele ya dishi kinachonasa mawimbi, huzalisha kelele, yaani mawimbi yasiyobeba picha. Kinachokuambia ukweli ni ubora. Mpwa wangu alikaa sebuleni akinisomea asilimia kupitia dirishani, "Mjomba, arobaini! Mjomba, imepotea!", hadi nilipoelewa kwamba nilikuwa nakwenda mbio kuliko king'amuzi, ambacho huchukua sekunde kadhaa kutambua mabadiliko. Kwa dishi la sentimita 90, nyuzi 1 ni sawa na kuusogeza ukingo wa juu kwa milimita 8 tu, na kosa la nyuzi hiyo 1 linatosha kupoteza takriban nusu ya mawimbi. Sogeza kidogo, hesabu hadi tano, kisha usikilize. Ukifika kileleni usiishie hapo, bali pita mpaka ubora uanze kushuka, halafu rudi katikati. Kaza nati kwa zamu, kidogo kidogo, huku mtu akiendelea kusoma, kwa sababu kukaza upande mmoja hulivuta dishi.

LNB nayo huzungushwa ndani ya kishikio chake, na kwa sababu ileile ya ngazi iliyosimama, hapa kwetu mzunguko huo ni mkubwa, zaidi ya nyuzi 70 kutoka mkao wanaouonyesha kwenye zile video. Izungushe taratibu mpaka ubora ufike kilele.

Zima king'amuzi kila unapounga kebo, kwani hupeleka umeme wa volti 13 au 18 kwa LNB, na uzi mmoja wa nyavu ya nje ukigusa waya wa katikati utasababisha shoti. Acha kebo ining'inie kidogo chini ya LNB ili maji yadondoke kabla ya kufika kwenye kiungio, na uzungushie kiungio utepe usiopitisha maji.

Nilivunja zege, nikasimika nguzo upya na kulenga tena, na ubora ukapanda kutoka asilimia 58 hadi 81. Masika yaliyofuata picha ilikatika mara moja tu, katika dhoruba, kwa dakika chache. Ilikatika pia mwishoni mwa Machi, alasiri ya anga jeupe, siku tatu mfululizo saa ileile. Hilo lilikuwa jua lenyewe likipita nyuma ya setilaiti na kuzidi mawimbi yake kwa kelele. Likikutokea, acha spana ndani.