Maswali ya wasomaji: Kisasi kina nafasi mahakamani?

SWALI: Mimi na mwenzangu tumebishana hadi tumenuniana. Yeye anasema adhabu ni kisasi kilichovaa joho. Jela iwe ya kumrekebisha mtu tu. Mimi nasema mkosaji apate anachostahili. Nani yuko sahihi?

JIBU: Kisasi hulipwa na aliyeumizwa, nacho hakina kipimo: leo jino, kesho taya. Malipo ya kisheria, yaani adhabu anayostahili mkosaji, hutolewa na asiyehusika na ugomvi, kwa kipimo kilichowekwa kabla kosa halijatendwa. Hata "jicho kwa jicho" ya Hammurabi, mfalme wa Babeli, karibu miaka 3,750 iliyopita, ilikuwa breki: jicho moja, si mawili. (Breki yenyewe ilipinda. Aliyemtoboa jicho mtu wa tabaka la chini alilipa fedha tu.)

Kwa maoni yetu, kazi kubwa ya malipo ni kuwa dari: adhabu isipite kile mkosaji anachostahili. Mwenzako atazame California, Marekani, ambako kwa mfumo ulioanza 1917 unyang'anyi uliweza kumpatia mtu kifungo cha "mwaka mmoja hadi maisha", bodi ikiamua lini amerekebika. Mfungwa hakujua siku yake ya kutoka. Sheria ilibadilishwa 1976. Ukilifuta swali la "anastahili kiasi gani", mtaalamu mwenye nia njema kabisa anaweza kusema "bado" kila mwaka.

Dari hupimwa kwa mambo mawili: madhara, na kiasi cha lawama. Aliyenoa kisu tangu asubuhi na dereva aliyesinzia kwenye usukani wote wameacha maiti moja, ila dari zao haziko karibu hata kidogo. Chini yake ndipo huingia umri, kosa la kwanza na kukiri (England na Wales, anayekiri mapema kabisa hupunguziwa theluthi moja), kisha siku alizokaa mahabusu hukatwa kwenye kifungo. Hapa ndipo mizani huharibika: makosa ya zamani hutozwa upya, au kilio cha ndugu hupandisha miaka, kana kwamba marehemu asiye na wa kumlilia ana bei nafuu.

Nawe usishangilie. Mwaka 1797 Kant, mwanafalsafa wa Kijerumani, alishikilia kwamba hata jamii ya kisiwani ikiamua kuvunjika na kutawanyika, muuaji wa mwisho aliyebaki gerezani auawe kwanza. Hapo dari imegeuzwa sakafu. Stahili humruhusu hakimu kwenda hadi kiwango fulani, haimlazimishi kufika.