Mkuu kabla hujatuma hiyo laki saba, gonga uhesabu

Usinunue. Uzi wako nimeuona jana usiku nikiwa kwenye daladala, nikataka kujibu hapo hapo nikaona nitapitiliza kituo, sasa leo nimekaa kabisa kwenye kompyuta, chai pembeni.

Umesema unayo ile darubini ndogo ya lenzi, kipenyo milimita 70, mwezi umeshautazama mpaka umeuchoka, una laki saba, na kuna jamaa wa duka amekuonyesha ya kioo badala ya lenzi, milimita 127, yenye stendi ya ikweta (ile ya kugeuza bomba lifuate nyota dunia ikizunguka) "inayozumu mara 750". Unauliza kama utakuwa umepanda daraja, kama utaweza kupiga picha kwa simu, kama taa za Sinza zitakuharibia, na kama ni bora uagize mwenyewe nje. Leo nitajibu hilo la kwanza tu, mengine yatasubiri. Ila hiyo mashine naijua mkuu, tumelala chumba kimoja miaka miwili.

Mimi huu ugonjwa niliupatia Rujewa, tarehe 1 Septemba 2016, siku ile jua lilipopatwa likabaki pete. Nilienda kama mtu anayesindikiza wenzake, nikarudi Dar nimeshaharibika. Nikanunua ya milimita 70 kama yako, nikakaa nayo, nikaanza kuidharau. Si unajua, ukishaona pete za sayari ya Zohali zikiwa kama punje ya mchele unaanza kuwaza zingekuwaje zikiwa kama sahani, na hapo ndipo mwenye duka anapokusubiri.

Huyo wangu (duka silitaji, sina hela ya wakili) alinipokea na boksi. Boksi limechapwa nebula, yale mawingu ya gesi na vumbi huko angani, za zambarau na waridi kama kitenge cha send-off, wakati kwa macho yako mwenyewe zile nebula utaziona za kijivu, hata ile ya Orion ambayo ndiyo inang'aa kuliko nyingi. Nikamuuliza swali lile lile unalouliza wewe, inazumu mara ngapi? Akasema mia saba na hamsini kaka, kwani unayotumia sasa je? Nikasema sabini hivi. Akacheka. Yaani alinicheka, mtu ambaye leo naweza kula kiapo kwamba hajawahi kutazama hata mwezi kwa kile kidude. Akaniambia hii stendi ndiyo ya kitaalamu, wanaotumia hizi ni watu wa vyuo. Nikatoa laki sita na nusu, taslimu, na asante juu. Mbuzi kwenye gunia, tena gunia nilibeba mwenyewe.

Hiyo 750 inapatikana hivi: fokasi ya darubini, yaani umbali wa mwanga hadi unapokusanyika, ni milimita 1000, unagawa kwa lenzi ya jicho, ile unayochungulia, ya milimita 4, unapata 250, halafu unachomeka kile kilenzi cha kuzidisha mara tatu. Kwa hiyo kwa hesabu hawajadanganya. Ni kama kirikuu kuandikwa 140 kwenye dashibodi, namba ipo, panda nayo mlima wa Kitonga uone. Kioo cha milimita 127 mwisho wake ni kama mara 250 hivi, yaani kipenyo mara mbili, na hiyo ni usiku hewa imetulia kabisa, mimi usiku mwingi hata nikifika 150 naona uji.

Lakini mkuu zumu haikuwa ndiyo iliyonimaliza. Kilichonimaliza ni miguu.

Julai 2019 nikafunga safari mpaka kijijini kwetu Singida. Mwezi ule Zohali ilikuwa inachomoza mashariki jua likizama, kijijini giza ni giza kweli, nikasema hapa ndipo pa kuonyesha watu. Boksi nikalilipia siti yake kwenye basi, elfu thelathini na tano, maana buti sikuliamini. Nikawatangazia wote, babu, shangazi, watoto wa pale na wa jirani, leo mtaona pete.

Nikaanza kufunga. Kitabu cha maelekezo kinasema hatua ya kwanza, elekeza stendi kwenye nyota ya kaskazini. Sasa Tanzania yote iko kusini mwa ikweta, hiyo nyota iko chini ya upeo, ningeiona labda nichimbe kisima. Basi elekeza kusini. Huko kusini hakuna nyota ya maana ya kulenga, na kwa Singida ule mhimili wa stendi, unaotakiwa kulingana na mhimili wa dunia, unatakiwa uinuke digrii tano tu kutoka usawa wa ardhi, yaani karibu ulale. Skrubu ya kuinamisha ikagoma kwenye kumi na tano. Nikailazimisha, ikalia kaa, nikaacha. Halafu kuna lile jiwe la chuma la kubalansi, linakaa kwenye fimbo yake upande wa pili wa bomba. Kwa mzungu wa Ulaya mhimili umesimama juu huko, jiwe linazunguka hewani bila shida. Kwetu mhimili umelala, kwa hiyo nyota ikiwa ndiyo kwanza inachomoza mashariki jiwe linaning'inia chini kabisa, linakuja kugonga mguu wa tripodi, ko. Inaitwa stendi ya ikweta na sisi tunaokaa jirani na ikweta ndiyo inatutesa kuliko watu wote. Nani alinieleza hilo dukani? Hakuna. Nilikuja kuuliza kwenye jukwaa fulani mjuaji mmoja akanijibu "ukishaizoea ni nzuri sana", yeye anakaa Sweden!

Tumesubiri hadi saa tatu na nusu Zohali ipande kidogo, watoto wameanza kusinzia. Nikachomeka zile lenzi za 750 maana nilishaahidi. Mkuu, kwa ukuzaji huo sayari inakatiza kwenye lenzi kwa sekunde kumi na kitu halafu imeondoka, dunia inazunguka haikusubiri. Nashika kifundo cha kuifuata, nikigusa tu bomba linatetemeka, natoa mkono bado linatetemeka, likitulia sayari imeshapita. Nikamwita mtoto wa shangazi, wa darasa la tatu, akachungulia kwa adabu akasema nimeona anko. Umeona nini? Akasema, giza.

Babu akavuta kigoda, akaweka jicho, akakaa kama dakika nzima bila kusema kitu. Akaniuliza, "Hii mbona inatetemeka, ina homa?" Watu wakavunjika mbavu. Nikarudisha lenzi ya milimita 20, ukuzaji mara 50, kweli pete zikaonekana ila nazo zinacheza kama taswira kwenye karai la maji. Babu akainuka taratibu akasema, "Ile ndogo ya mwaka jana umeiuza?" Sikuiuza. Ilikuwa Dar juu ya kabati, na mwaka jana yake alikuwa ameziona pete vizuri kabisa.

Niliporudi mjini badala ya kukubali nimeingia mkenge nikaendelea kutoa hela. Mota ya kufuata nyota laki na arobaini, ikawa inaongeza tetemeko lake juu ya lile la zamani. Leza ya kunyoosha vioo elfu sabini, nikawasha, lile doa jekundu limetawanyika hovyo. Kumbe bomba lina nusu mita na fokasi imeandikwa mita moja, umejiuliza hiyo nusu nyingine imetoka wapi? Kuna kilenzi kimepachikwa ndani kule lenzi ya jicho inapochomekwa, cha kurefusha kwa ujanja, leza ikipita pale inapotea. Ukiona darubini ya kioo ya aina hiyo, unayochungulia ubavuni, bomba fupi na fokasi ndefu mara mbili yake, ujue ndiyo hiyo hiyo hata wakiipaka rangi ya dhahabu. Ukijumlisha na ile siti ya basi ni laki nane na elfu tisini na tano. Nilimuuzia jamaa kwa laki mbili, na nikamwambia ukweli wote, akachukua anasema anataka kuiweka sebuleni. Ipo inapendeza.

Na kabla sijasahau, kama ndani ya boksi kuna kioo kidogo cheusi cha kufunga kwenye lenzi ya jicho kimeandikwa SUN, kitupe leo. Kile kinakaa pale joto lote la jua linapokusanyika, kinaweza kupasuka jicho lako likiwa pale pale. Cha jua kinafunika mdomo wa mbele wa darubini, basi. Hapo sifanyi utani.

Sasa kanuni yangu ni moja na nitakufa nayo. Dukani, usiulize inazumu mara ngapi. Waambie waifunge mpaka mwisho, isimame sakafuni, weka lenzi ya kati, itoe nje ilenge antena au nguzo ya mbali, kisha ligonge bomba kwa kidole kama unabisha hodi, uhesabu picha inatulia baada ya muda gani. Moja, mbili, imetulia, endelea kuongea bei. Ikifika tatu anza kuaga. Yangu ilikuwa inafika nane. Wakikataa kuifunga, umeshapata jibu.

Ndiyo maana nakuambia tafuta darubini aina ya Dobsonian. Haina tripodi wala jiwe, ni boksi la mbao linalozunguka chini na bomba linalala ndani yake, unasukuma kwa mkono juu, chini, kushoto, kulia, latitudo ya Singida au ya Sweden haijui. Aliyezisambaza, John Dobson, alikuwa mtawa huko San Francisco asiye na hela, anaunga plaiwudi na vioo vya madirisha ya meli, kwa hiyo tusione aibu. Ya kwangu ni ya milimita 150, niliikuta kwa mzungu aliyekuwa anahama, kitako chake cha chipbodi kimefura kwa unyevu wa Dar kama andazi. Nikakipeleka kwa fundi Keko akakinakili kwa plaiwudi nzito, fundi akaniuliza ni ya kuwekea mzinga? Nikagonga, nikahesabu, moja. Nilikwenda nayo Kisarawe nikaitazama Omega Centauri, lile kundi la nyota ambalo kwenye yako ya 70 ni kama pamba, pale kingo zikaanza kuwa chenga za chumvi moja moja, nikakaa nayo mpaka mbu wakanishinda.

Kwa laki saba 150 mpya sidhani kama utaipata. Tafuta ya mezani ya milimita 130, Heritage 130P ni mfano, fokasi 650 bila ujanja wa kilenzi, kioo kinakusanya mwanga zaidi ya mara tatu ya hiyo yako. Inawekwa juu ya stuli, ila stuli nayo igonge, usije ukaniambia sikusema. Hela ikipungua kaa na ya 70 yako ununulie lenzi moja nzuri ya milimita 6, usione haya, babu yangu anaipenda.

Umeniambia jamaa wa duka amekupa hadi Ijumaa. Leo ni Jumatano. Pita hapo, piga picha ya stendi ikiwa imesimama, uiweke hapa. Miguu mkuu, boksi silitaki.